Kadi za Zawadi za Bei ya Punguzo: Yaliyotukuta Katika Safari ya Kwenda Nyumbani



Ndugu zetu wazazi, nanyi vijana wetu mlioko vyuoni, likizo zinakaribia na kila nyumba inapiga hesabu za tiketi. Wako wanaokwenda Bujumbura, wako wa Uvira na Bukavu, wako wa Kigali na Kampala, na wako wanaoweka kidogo kidogo kwa ajili ya Umra. Katika hesabu hizo neno moja tunalisikia sana siku hizi: kadi za zawadi za bei ya punguzo. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, ndugu wawili walituuliza kuhusu kadi hizo. Tuliwajibu kwa ufupi mlangoni, lakini tulipofika nyumbani tukaona jibu la mlangoni halitoshi. Tumekaa, mume na mke, tukaandika yote kama yalivyotukuta.

Kwa wasiozijua, kadi ya zawadi ni kadi, au namba tu inayotumwa kwa barua pepe, ambayo ndani yake mna fedha za kununulia kitu kwa kampuni fulani. Hapa Marekani zinatundikwa madukani karibu na mahali pa kulipia: za migahawa, za maduka ya nguo, za hoteli na za mashirika ya ndege. Mtu akipewa kadi asiyoihitaji huiuza kwa bei ya chini ili apate fedha taslimu. Wako wafanyabiashara wanaozinunua kadi hizo na kuziuza tena katika mtandao. Kadi yenye dola 100 utaiona inauzwa dola 90 au 88. Ukiitazama haraka unasema hii ni rizki.

Nasi tulisema hivyo hivyo.

Hesabu yetu ilivyokuwa

Sisi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura, na tunaishi Columbus, Ohio. Mwaka 2023 tulikuwa na nia ya kwenda nyumbani wote watano: sisi wawili, binti yetu wa miaka 17, na wadogo wake wa miaka 9 na 4. Mama mzazi wa mmoja wetu alikuwa ameanza kudhoofika kwa maradhi ya moyo. Wajukuu wawili alikuwa hajawaona kwa macho yake. Yule wa miaka 4 walijuana kwa simu tu, na kila Jumapili alikuwa akimsomea bibi yake Suratul Faatiha, na bibi anamsahihisha.

Tulikwenda kwa wakala wa tiketi wa jamaa zetu hapa mjini. Akatutafutia safari ya kupitia Washington na Addis Ababa hadi Bujumbura, tiketi moja kwa kila mtu, dola 1,700. Kwa watu watano ni dola 8,500. Akiba yetu, tuliyoiweka kwa miaka mitatu, ilikuwa dola 7,900. Tulipungukiwa dola 600. Tuliona haya kumwambia. Tukamshukuru, tukaondoka.

Hapo ndipo kadi zilipoingia. Rafiki mmoja, kwa nia njema kabisa, alituonyesha tovuti inayouza kadi za shirika moja la ndege la Kimarekani kwa punguzo la asilimia 12. Shirika hilo haliendi Bujumbura, lakini linafika Brussels, na kutoka Brussels kuna ndege nyingine ya kwenda Burundi. Tukapiga hesabu. Kufika Brussels na kurudi ni dola 950 kwa mtu, jumla 4,750. Tukinunua kadi 16 za dola 300, zenye thamani ya dola 4,800, tutalipa dola 4,224 tu. Kutoka Brussels hadi Bujumbura na kurudi ni dola 700 kwa mtu, jumla 3,500. Zote pamoja dola 7,724. Akiba inatosha na chenji inabaki! Usiku ule tulilala tukiwa na furaha, kama watu waliookota.

Kadi hazikupatikana zote siku moja. Tulizinunua kidogo kidogo kuanzia mwezi wa pili, kila zinapotokea, tukaziandika namba zake katika daftari la watoto la shule. Mwezi wa tano, zilipotimia, tukakaa mezani kununua tiketi.

Mlango wa kwanza ulivyofungwa

Tovuti ya shirika ilikubali kadi tatu tu kwa kila ununuzi. Sio kumi na sita, tatu. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa, nasi hatukulisoma. Kadi tatu ni dola 900, na zinazobaki unalipa kwa kadi ya benki.

Tukasema si kitu, kila mtu tutamnunulia tiketi yake peke yake. Baba akapata: kadi tatu na dola 50 juu yake. Binti akapata hivyo hivyo. Lakini watoto wadogo mfumo haukuwakubali kusafiri bila mtu mzima katika tiketi yao. Ilibidi mama na watoto wawili wanunuliwe pamoja, dola 2,850. Kadi tatu zinatoa 900, na dola 1,950 zitoke benki. Benki hakukuwa na fedha hizo, kwa sababu fedha zetu tulikwisha kuzigeuza kadi, na zilizobaki ndizo za safari ya Brussels hadi Bujumbura. Tulipiga simu kwa shirika, tukangojeshwa karibu saa nzima, tukaambiwa kwa upole kwamba kadi hutumika katika tovuti tu na idadi ni hiyo hiyo.

Katika kuzijaribu kadi tukagundua jambo la pili. Mbili hazikuwa na kitu. Salio sifuri. Siku tuliyozinunua tuliziangalia na zilikuwa na dola 300 kila moja. Kuna mtu alikuwa na namba zile zile, akazitumia kabla yetu. Aliyetuuzia alikuwa na dhamana ya siku 45, na sisi tulikuwa tumepita siku 70. Benki nayo ikasema tulinunua namba na namba tulizipata, kwa hiyo hakuna la kudai. Hizo ni dola 528 za jasho letu zilizokwenda bila hata kujua nani kazichukua.

Tukakubaliana baba na binti watangulie, na mama na wadogo wafuate mwezi wa kumi na mbili, in shaa Allaah. Tukanunua tiketi mbili za Brussels hadi Bujumbura kwa dola 1,400, zile za bei ya chini zisizorudishwa fedha.

Mlango wa pili

Siku ya safari tulifika uwanja wa ndege na mabegi manne. Mfanyakazi wa shirika akatazama tiketi, akauliza, "Mwisho wa safari yenu ni Brussels?" Tukamwambia hapana, ni Bujumbura, na tukampa karatasi ya ndege ya pili. Akasema hizo ni tiketi mbili za mashirika mawili yasiyohusiana. Mizigo itaishia Brussels. Mtalazimika kutoka nje mkaichukue, kisha mkaipeleke tena kwenye ndege ya pili. Na kutoka nje pale ni kuingia nchi za Schengen. Viza iko wapi?

Baba na binti walikuwa na pasipoti za Burundi na kadi za ukaazi wa Marekani. Kadi ya ukaazi inamsaidia mtu anayepita ndani ya uwanja bila kutoka. Kuingia Ubelgiji ni jambo jingine, na mwenye pasipoti ya Burundi anahitaji viza. Tungekuwa na tiketi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mizigo ingehamishwa yenyewe na wasafiri wasingetoka nje. Tuliigawa safari ili kadi zitumike, na kwa kuigawa tukaifunga.

Tulirudi nyumbani na mabegi yetu manne. Watoto wadogo walidhani baba amekwenda na kurudi.

Tiketi za Brussels hadi Bujumbura zilipotea, dola 1,400. Tiketi za kadi tuliwahi kuzifuta kabla ndege haijaondoka, lakini fedha hazikurudi mfukoni. Zilirudi kama salio la safari katika shirika lile lile, kwa jina la msafiri yule yule, la kutumika ndani ya mwaka mmoja.

Siku tatu baadaye baba aliondoka peke yake, kwa njia ya Addis Ababa, kwa tiketi moja ya dola 1,980 iliyonunuliwa kwa yule wakala wa mwanzo. Kwa kuwa bado tulikuwa na madeni ya mwezi ule ya nyumba na gari, sehemu ya fedha hizo tulikopeshwa na jirani Mwislamu, kwa wema tu, Allaah amlipe.

Tunayowausia

Hatusemi kila kadi ni ubaya. Wako waliozinunua, wakasafiri salama, wakaokoa fedha zao. Tunasema mtu aingie akiwa anajua.

Kwanza, soma masharti kabla ya kununua kadi, usisome siku ya kununua tiketi. Uliza: kadi ngapi zinakubaliwa kwa ununuzi mmoja? Zinalipia mizigo na viti, au nauli peke yake? Zinatumika kwa wakala, au katika tovuti ya shirika tu? Zinatumika nchi gani na kwa fedha gani? Vijana mlioko Kampala na Kigali mnaotumiwa kadi na ndugu zenu wa huku, hili la nchi liangalieni sana, kwani kadi nyingi zilizonunuliwa Marekani hazikubaliwi nje ya Marekani.

Pili, kadi ya punguzo usiiweke. Inunue siku ambayo tiketi unaiona mbele yako na bei yake unaijua, na uitumie saa ile ile. Anayekuuzia namba anaweza kubaki nayo. Hata kadi za dukani wezi huzichukua zikiwa bado zimetundikwa, hunakili namba na namba ya siri, hurudisha kifuniko vizuri, kisha hungojea mtu atie fedha. Ukinunua dukani, tazama kama pakiti imeguswa, na ihifadhi risiti. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009, iliyoanza kufanya kazi kwa kadi hizi mwezi Agosti 2010, inataka fedha za kadi ya kuuzwa zisiishe muda kabla ya miaka 5. Lakini sheria hiyo haikulindi na mwizi, na haizihusu zile kadi zinazotolewa bure kama matangazo ya biashara.

Tatu, jua fedha zinarudi wapi. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba ndege ikifutwa na abiria akakataa safari nyingine, arudishiwe fedha kwa njia aliyolipia. Maana yake ni kwamba aliyelipa kwa kadi ya zawadi asitarajie dola mkononi. Halikadhalika, zipo kadi za benki zinazompa msafiri bima ya mizigo au ya kucheleweshwa, lakini kwa kawaida sharti lake ni kwamba nauli ilipwe kwa kadi hiyo. Ukilipa kwa kadi ya zawadi umeiacha bima hiyo. Na kampuni ikifilisika, mwenye kadi anasimama kwenye foleni ya wanaodai, mbali na mlango.

Nne, usiigawe safari kwa ajili ya punguzo. Wengi wetu tunasafiri kwa pasipoti zinazohitaji viza karibu kila mahali. Tiketi moja yenye namba moja kutoka mlango wa nyumba hadi kwenu ina thamani usiyoiona kwenye bei. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Katika tiketi mbili, hasara ni yako.

Tano, na hili ni la wanafunzi zaidi. Mtu akikuuzia katika kundi la simu tiketi au kadi kwa nusu ya bei, jiulize kaipata wapi. Kadi nyingine hununuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa, na mwenye mali akilalamika tiketi yako inafutwa wewe ukiwa uwanjani. Na yeyote anayekuambia ulipie viza, ada ya chuo au faini kwa kumsomea namba za kadi ya zawadi kwenye simu, huyo ni tapeli. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inasema wazi kwamba hakuna ofisi ya serikali wala biashara ya kweli inayodai malipo ya namna hiyo.

Na upande wa dini yetu

Tulikwenda kumuuliza imamu wetu baada ya yote kutukuta, na hilo lenyewe ni kosa, kwani kuuliza ni kabla. Alitukumbusha kwamba uuzaji wenye gharar, yaani ule ambao mnunuzi hajui hakika anapata nini, umekatazwa. Kisha akatufahamisha kwamba kadi hazifanani. Ile ya benki inayotumika popote iko karibu sana na fedha yenyewe, na kuuza fedha kwa fedha ya aina moja kwa kuzidishana ni mlango wa riba. Ile ya kampuni moja, wako wanavyuoni wanaoiona kuwa ni haki ya kupata huduma, na wako wanaoitia katika hukumu ya fedha, kwa hiyo hawaruhusu kuinunua kwa punguzo. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Tunachowaambia ni kwamba suala lipo, msilipite kimya, muulizeni mnayemwamini katika elimu yake kabla hamjatoa fedha.

Mwisho wa safari

Baba alifika Bujumbura salama, alhamdulillaah. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Alikuwa amenunua ndagala wakavu mfuko mzima, na mikeka miwili mipya kwa ajili ya wajukuu kulalia. Alipomkumbatia mwanawe alitazama nyuma yake, akatazama tena mlango wa gari, akauliza, "Watoto wako wapi?"

Baba alimwambia watakuja mwezi wa kumi na mbili.

Mwezi wa kumi na mbili hatukuwa na fedha. Kadi nane zilizobaki, zenye dola 2,400, tulizimaliza baada ya karibu miaka miwili kwa safari za ndani ya Marekani, moja ya arusi huko Texas na nyingine ya kumpeleka binti chuoni. Salio la tiketi mbili zilizofutwa lilikwisha muda wake bila kutumika. Mama alifariki mwezi wa tatu mwaka 2024. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Kijana wetu mdogo alikuwa amekwisha kufika Suratul Asr, na alimsomea kwa simu Jumapili ya mwisho.

Ajali ya mtu imeandikwa, na hatusemi kadi ndizo zilizotuzuia kuonana. Lakini sababu tulizichukua kwa mikono yetu wenyewe, na kwazo tutaulizwa.

Siku moja baada ya msiba tulimweleza wakala wetu habari yote kuanzia mwanzo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Dola mia sita? Mngeniambia tu. Ningewakatia tiketi, mkanilipa mkirudi."

Ndugu zetu, kabla ya kuuamini mtandao usiokujua, jaribuni kwanza kumweleza mtu anayekujueni. Aliyepungukiwa aseme kapungukiwa, na mwenye uwezo amsikilize mwenziwe. Tunamwomba Allaah awarehemu wazee wetu waliotangulia, awahifadhi walio hai, na awafikishe salama wote wanaosafiri kwenda kuunga udugu.

Wabillaahi tawfiq.

Wassalaam alaykum wa rahmatullaahi wa barakaatuh.